Bilbao, Bermeo, Oñati: Shajara ya Kozi ya Kibaski, Julai 2024

Jumapili, 30 Juni. Bilbao

Basi la kutoka uwanja wa ndege likitoka tu kwenye handaki, mji wa Bilbao unajitokeza wote kwa mara moja, umebanwa bondeni, mto Nervión ukiupasua katikati na jumba la makumbusho la Guggenheim liking'aa ukingoni. Kwenye roshani nyingi bado zimetundikwa bendera nyekundu na nyeupe za Athletic Club, ingawa ni tangu Aprili timu hiyo ilipotwaa Kombe la Mfalme kwa mara ya kwanza baada ya 1984, wachezaji wakapanda tishari waliitalo *gabarra* na kupitishwa mtoni mbele ya umati usio na hesabu. Klabu hii huchezesha tu wachezaji waliozaliwa au kulelewa kisoka katika Nchi ya Wabaski, eneo lililo pande zote mbili za mpaka wa Hispania na Ufaransa, sharti ambalo mashabiki wa Simba na Yanga wangeliona ni kujinyonga kwa hiari.

Nimekuja kwa kozi ya kiangazi ya lugha na utamaduni wa Kibaski. Naandika shajara hii kwa ajili ya wanaisimu wenzangu wa Dar es Salaam walioniuliza, kwa haki kabisa, kwa nini nisiende kusoma Kifaransa kama watu wengine.

Jumatatu, 1 Julai. Bilbao

Mwalimu hakutamka neno la Kihispania tangu saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana. Darasa letu ni mchanganyiko: Waargentina ambao mababu zao walihama kutoka huku, Mmarekani wa Idaho ambaye babu yake alikwenda kuchunga kondoo katika milima ya huko, Mjapani mmoja, Wapolandi, na mimi. Kwa kuwa nimekuwa nikijisomea, nimewekwa daraja la pili, pamoja na wale ambao tayari wana salamu na sentensi za dukani lakini hawajui kusimulia jambo lililopita.

Saa ya mwisho ilikuwa ya historia. Kibaski wenyewe wanakiita *euskara*, na hakijathibitishwa kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote iliyo hai. Wataalamu wamejaribu kukiunganisha na lugha za Kaukasi na hata na Kiberberi, lakini hakuna ushahidi uliokubalika. Kilikuwapo hapa kabla ya Kilatini kufika na Warumi, na kimebaki wakati lugha nyingine zote za kale za rasi hii zilipomezwa. Ardhi yake imegawanyika katika majimbo saba ya jadi, manne upande wa Hispania na matatu upande wa Ufaransa. Utafiti wa 2016 ulikuta wasemaji wapatao 750,000 wenye umri wa miaka 16 na zaidi, yaani asilimia 28.4 ya watu wa umri huo katika eneo lote.

Katika Jimbo Huru la Wabaski, linalounganisha matatu ya yale majimbo ya upande wa Hispania na lenye miji ya Bilbao, Donostia na Vitoria-Gasteiz, wazazi huchagua aina ya shule. Katika A mtoto husoma kwa Kihispania na kufundishwa Kibaski kama somo. Katika B masomo hugawanywa baina ya lugha mbili. Katika D kila kitu hufundishwa kwa Kibaski isipokuwa somo la Kihispania. Nikauliza C imekwenda wapi. Haipo, kwa sababu alfabeti ya kawaida ya Kibaski haina haja na herufi hiyo. Wizara ya elimu inayopanga shule zake kwa kufuata alfabeti ya lugha inayoinusuru imenifurahisha kuliko takwimu zote za leo.

Jumanne, 2 Julai. Bilbao

Leo tumeingia kwenye kitenzi, na hapa Mswahili hupata raha ambayo Mwargentina haipati. Katika Kibaski kitenzi kikuu mara nyingi hutulia, na kazi yote ya upatanisho hubebwa na kitenzi kisaidizi kinachokifuata. *Eman diot* ni nimempa, ikiwa nilichompa ni kimoja. *Eman dizkiot* ni nimempa vilevile, lakini sasa vitu ni zaidi ya kimoja. *Eman didate* ni wamenipa. Kiima, shamirisho kipozi na shamirisho kitondo, vyote vitatu vimo ndani ya neno moja fupi, na ukikosea silabi umebadilisha aliyetoa, aliyepewa au kilichotolewa.

Wenzangu waliopitia Kihispania na Kiingereza waliona haya ni maajabu. Kwangu mimi ilikuwa nusu ya njia tu, maana tumezoea kumfungia mtoaji na mpokeaji ndani ya *nimempa*. Lakini Kiswahili sanifu hakikubali kiambishi cha shamirisho cha pili, kwa hiyo kitabu hubaki nje: nimempa kitabu, wala husemi umekimpa. Kihaya hukubali viambishi vya shamirisho zaidi ya kimoja, na mwanafunzi kutoka Bukoba angekaa kwenye dawati hili kwa utulivu kunizidi.

Kinachotutoa jasho sote ni kiambishi *-k*. *Neska etorri da*, msichana amekuja. *Neskak liburua irakurri du*, msichana amesoma kitabu. Msichana ni yuleyule na kwa macho yetu ni kiima kilekile, lakini anapotenda jambo juu ya kitu kingine huvalishwa *-k*, na anapokuja tu hapewi. Juu ya hayo, *neskak etorri dira* maana yake ni wasichana wamekuja, kwa hiyo ukisikia *neskak* huwezi kujua kama ni mmoja aliyetenda au ni wengi waliokuja, mpaka kisaidizi kifike mwishoni na kukutoa gizani. Mpolandi aliyekaa kando yangu amejiandikia *-k* kubwa kwa wino mwekundu nyuma ya kiganja, na kila anapofungua mdomo huitazama kwanza.

Jumatano, 3 Julai. Bilbao

Asubuhi nimeingia duka la mikate lililo jirani na hosteli, nikasalimu *egun on* na kuomba mikate miwili kwa Kibaski. Muuzaji alielewa na mikate akanipa, ila jibu lilikuja kwa Kihispania. Sikuona dharau yoyote usoni mwake. Mtu mweusi mwenye lafudhi ngeni ameingia dukani, na mazoea yamemwambia kwamba ukarimu ni kumrahisishia mgeni kwa lugha kubwa. Mzungu aliyekaa Unguja miaka mingi hukutana na jambo hili Forodhani kila jioni: anaagiza kwa Kiswahili, anajibiwa kwa Kiingereza.

Mwalimu aliposikia kisa hicho alifungua mtoto wa meza na kunipa beji iliyoandikwa *Belarriprest*. Tangu 2018 kuna kampeni iitwayo Euskaraldia, ambamo watu hujiandikisha katika makundi mawili. Wenye beji ya *Ahobizi* huahidi kusema Kibaski na kila anayekielewa, hata kama yeye atajibu kwa lugha nyingine. Wenye ya *Belarriprest* husema tu: mimi nasikia, tafadhali nisemeshe. Kampeni yenyewe huendeshwa kwa siku chache, lakini wapo wasiovua beji mwaka mzima. Mchana nilirudi kwenye duka lile nikiwa na yangu kifuani. Muuzaji aliitazama, akatabasamu, akataja bei taratibu kama anayemsomea mtoto: *bi euro eta hogei*.

Mwalimu ametueleza kwamba pana mahali ambapo sheria hushindwa kufika, na nadhani ndipo pale kaunta. Sheria ya Mamlaka ya Ndani ya 1979, inayojulikana kwa jina la Gernika, ilikifanya Kibaski kuwa lugha rasmi pamoja na Kihispania, na sheria ya 1982 ikaagiza matumizi yake yarejeshwe shuleni, ofisini na katika vyombo vya habari. Vijana wengi wametoka shuleni wakiijua lugha. Hata hivyo, watafiti wanaopita mitaani na kusikiliza watu wanazungumza lugha gani walikuta mwaka 2016 kwamba Kibaski kilitumika katika asilimia 12.6 tu ya waliosikilizwa katika eneo lote, chini ya nusu ya idadi ya wanaokijua. Wabaski wawili waliosoma shule za D wanaweza kufahamiana miaka mitano kwa Kihispania kwa sababu siku ya kwanza walianza nacho. Mazungumzo ya hapa huamuliwa na anayefungua kinywa kwanza, na mtu asiyejulikana hufunguliwa kwa Kihispania.

Ijumaa, 5 Julai. Bilbao

Manyunyu tangu alfajiri, yale wanayoyaita *xirimiri*, yasiyostahili mwavuli na yanayokulowesha hata hivyo. Mtihani mdogo wa visaidizi. Kufua nguo.

Jumamosi, 6 Julai. Gernika

Tulikwenda kwa treni ya Euskotren, na mwongozaji wetu alianzia kwenye mwaloni badala ya kuanzia kwenye mabomu, kwa makusudi. Chini ya mti huu ndipo wajumbe wa jimbo la Bizkaia walipokutana kwa karne nyingi, na ndipo watawala wa Kastila walipoapa kuheshimu sheria za kimila za eneo hili. Mti uliopo leo ulipandwa 2015 na ni mwembamba, kizazi cha miti iliyotangulia. Shina la mmoja wa mababu zake limehifadhiwa pembeni ndani ya kibanda cha nguzo za mawe. Ndani ya ukumbi wa baraza, dari ni kioo cha rangi chenye picha ya mwaloni huohuo, na mwanga wa mchana ukipita humo sakafu nayo hubadilika rangi.

Tarehe 26 Aprili 1937 ilikuwa Jumatatu, siku ya soko. Ndege za kikosi cha Kijerumani cha Condor, zikisaidiwa na za Italia, ziliushambulia mji kwa saa kadhaa kwa niaba ya jeshi la Jenerali Franco, aliyekuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe na baadaye akaitawala Hispania kidikteta. Sehemu kubwa ya mji iliteketea, ila mwaloni na ukumbi wake vilinusurika. Utawala wa Franco ulidai kwa miaka mingi kwamba wenyeji ndio waliouchoma mji wao wenyewe. Mchoro maarufu wa Picasso wa shambulio hilo uko Madrid, na hapa Gernika wameweka nakala yake ya vigae ukutani na maandishi yanayodai uletwe nyumbani.

Katika Makumbusho ya Amani kuna chumba kilichotengenezwa kama sebule ya siku zile, mna sauti ya mwanamke anayesimulia mambo ya nyumbani, kisha ving'ora. Mmarekani wa Idaho alitoka kabla haijaisha. Mimi nilibaki, lakini kilichonikaa ni jambo la baada ya vita: majina ya Kibaski yalikataliwa kwenye vitabu vya vizazi, na lugha ikafukuzwa madarasani na maofisini. Kuua lugha hakuhitaji ndege.

Jumapili, 7 Julai, hadi Jumatano, 10 Julai. Bermeo

Ni mwendo mfupi kutoka Gernika, reli ikifuata mlango wa mto uitwao Urdaibai mpaka baharini. Kozi imetugawa majumbani, mimi nikapangiwa kwa bibi mwenye umri wa miaka themanini na ushee, ambaye kila mtu humwita *amama*, bibi, na tangu chakula cha jioni cha kwanza nami namwita hivyo. Anaishi na binti yake na mjukuu wa kiume anayemaliza sekondari. Nyumba ni ya ghorofa, nyembamba, na kutoka dirisha la jikoni unaona bandari na boti za rangi kali.

Katika nyumba hii moja mna historia nzima ya lugha. Amama alipokuwa msichana mdogo, shuleni kulikuwa na pete. Aliyesikika akisema Kibaski alikabidhiwa, naye alipaswa kumsikiliza mwenziwe akosee ili amhamishie, na aliyekutwa nayo mwisho wa juma aliadhibiwa. Nilimwambia kwamba Kenya nako watoto walivishwa kibao shingoni kwa kusema lugha ya nyumbani, na kwamba kilihama kutoka mtoto hadi mtoto vivyo hivyo. Aliacha kumenya viazi, akauliza kama chetu kilikuwa cha mbao. Binti yake alisoma yote kwa Kihispania, kwa hiyo Kibaski anakisema bila kigugumizi lakini barua ya ofisini huiandika kwa Kihispania. Mjukuu amesoma D, na insha zake za Kibaski zinachapwa kwenye jarida la shule.

Ila Kibaski cha mjukuu shuleni na cha bibi jikoni havifanani. Nilichofundishwa Bilbao kuwa *eman diot*, amama husema *emon dotsat*. *Dut* yangu kwake ni *dot*. Bermeo ni lahaja ya magharibi, na Kibaski sanifu, *batua*, kimejengwa zaidi juu ya lahaja za kati. Gazeti la *Berria* linaletwa nyumbani, na amama hulitumia kutandaza chini ya samaki. Anasema anachokisoma humo anakielewa lakini hakimsemeshi. Nimekaa na maneno hayo kwa sababu nayajua kwetu. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi 1930, Kiunguja kilikuwa kimekwisha kuteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na hadi leo kuna wazee wa Mombasa na Lamu wanaosoma kitabu cha shule na kusema hiki si changu. Mjukuu ana hoja yake: bila *batua* asingeweza kusoma fizikia kwa Kibaski wala kuelewana na binamu zake wa Baiona, upande wa Ufaransa. Wote wawili wana haki, na niliona wenyewe wameshaacha kubishana.

Marehemu mume wa amama alikuwa baharia wa meli za jodari. Watu wa pwani yetu wanapaswa kujua kwamba meli kubwa za Bermeo huvua Bahari ya Hindi, zikitegemea zaidi bandari ya Victoria, Shelisheli. Ndizo hizo ambazo mojawapo, *Alakrana*, ilitekwa na maharamia wa Kisomali mnamo Oktoba 2009 na kuachiwa mwezi uliofuata, mji huu ukiwa umekesha. Kwa amama, Mombasa ni mahali ambapo mumewe aliwahi kuteremka kununua kinyago. Kinyago chenyewe kipo juu ya friji, twiga aliyevunjika sikio. Katika Mnara wa Ercilla, ulio makumbusho ya wavuvi, kuna nyavu na mitumbwi ya zamani, lakini habari za bahari yetu nilizipata zaidi jikoni.

Jumatano usiku binti yake aliniuliza bibi yangu mimi anasema lugha gani. Nikajibu Kibondei, kwetu Muheza. Na wewe? Nakisikia, nikasema, kukisema ni salamu tu. Nani basi aliwazuia? Hilo ndilo swali gumu la safari hii. Hakuna aliyetuzuia. Hatukuvishwa pete wala kibao. Kiswahili kilikuja na shule, redio, mpira na marafiki, kikatupendeza, na wazazi wetu wakaanza nacho tangu siku tuliyozaliwa. Nilifika huku nikijihesabu mtu wa upande wa lugha zilizoonewa, na kwa mtazamo wa Kiingereza ni kweli. Kwa mtazamo wa Muheza, lugha ninayoiandikia hapa imekaa kwenye kiti cha Kihispania. Nilijaribu kulieleza hilo kwa Kibaski changu cha daraja la pili, na amama akasema neno moja, *bai*, ndiyo, akaniongezea supu.

Alhamisi, 11 Julai. Oñati na Arantzazu

Tumehamia Oñati, mji mdogo ulio ndani kabisa ya milima ya jimbo la Gipuzkoa, wenye jengo la chuo kikuu la karne ya 16. Katika mji huu lilifanyika kongamano la 1918 lililozaa Euskaltzaindia, taasisi ya taaluma ya Kibaski.

Barabara ya kupanda Arantzazu inazunguka ukingo wa korongo. Kanisa lake la Wafransisko limefunikwa kwa mawe yaliyochongwa ncha kama miiba. Juu ya mlango kuna sanamu za mitume alizochonga Jorge Oteiza, kumi na wanne badala ya kumi na wawili, matumbo yao yamechimbwa wazi. Milango ya chuma chini yao ni ya Eduardo Chillida. Wakuu wa Kanisa waliizuia kazi hiyo katika miaka ya 1950, na mitume wakalala kando ya barabara kwa miaka mpaka walipopandishwa mahali pao 1969.

Tulikuja hapa hasa kwa ajili ya mwaka uliotangulia huo. Oktoba 1968, Franco akiwa bado madarakani, wanataaluma na waandishi walikutana Arantzazu kuadhimisha miaka 50 ya Euskaltzaindia na kuamua namna ya kuandika lugha moja. Koldo Mitxelena, mwanaisimu aliyewahi kufungwa na utawala huohuo, ndiye aliyewasilisha mapendekezo. Ugomvi mkubwa ukawa juu ya herufi *h*. Wabaski wengi wa upande wa Ufaransa huitamka, wa upande wa Hispania hawaitamki, na mapendekezo yaliibakiza katika maandishi. Mwalimu anasema familia zilinuniana na magazeti yalijaa barua za hasira kwa ajili ya herufi ambayo wengi wa waliokasirika hawakuwa wakiisikia hata kidogo. Leo mjukuu wa Bermeo huiandika bila kufikiri.

Ijumaa, 12 Julai. Oñati

Leo tulialikwa kwenye *bertso-afaria*, chakula cha jioni chenye majibizano ya mashairi, na ningeombwa kuchagua usiku mmoja tu wa kozi hii ningechagua huu. Ukumbi una meza ndefu, watu kama sitini, maharage meusi ya Tolosa, samaki aina ya bakailao, jibini ya Idiazabal na mvinyo wa tufaha. Mbele kuna maikrofoni mbili na watu wawili, mwanamke kijana na mwanamume wa makamo. Hakuna ala wala karatasi. Mtu wa tatu, mtoa mada, husimama na kuwapa nafasi: wewe ni mvuvi uliyestaafu, wewe ni mjukuu wake unayetaka kununua mashua yake uigeuze mkahawa. Sekunde chache za kimya, kisha wa kwanza anaanza kuimba.

Wapenzi wa shairi la Kiswahili wataelewa upesi kinachofanyika. Bahari waliyoitumia zaidi, *zortziko nagusia*, ina mishororo minane inayopishana, mmoja wa mizani kumi na unaofuata wa mizani minane, na ile ya mizani minane yote minne hubeba kina kimoja. *Zortziko txikia* ni ileile kwa kipimo kifupi, saba na sita. Ubeti huimbwa kwa mahadhi yaliyokwisha kujulikana, na mtungaji huchagua mahadhi kulingana na anachotaka kusema, ya huzuni au ya kejeli. Sisi tuna mizani kumi na sita na vina vya kati na vya mwisho, na tuna jadi ya kujibizana tangu enzi za Muyaka bin Haji na washairi wa Lamu waliotumiana beti kama mishale. Tofauti ni kwamba beti zile zilipata muda wa kusafiri baina ya bandari na bandari, na hizi hutungwa wakati mpinzani anapomalizia pumzi yake.

Siri yao, nilivyoelezwa na jirani yangu mezani, ni kwamba mtungaji mzuri hufikiri mshororo wa mwisho kwanza. Akishaupata mwisho wenye hoja na kina, hurudi nyuma kutafuta vina vitatu vya kumfikisha hapo. Msikilizaji anajua hivyo, na anajua kina kimekwisha kufungwa, kwa hiyo mshororo wa saba ukipita ukumbi mzima huanza kukisia. Mara tatu au nne nilishuhudia meza nzima ikiimba maneno ya mwisho pamoja na mtungaji kabla hajayatamka, bila mtu yeyote kuwa ameyasikia mahali popote. Yule mjukuu alimaliza kwa kusema kwamba mashua isiyovua ni jeneza, na mkahawa walau unanukia samaki. Wazee walipiga meza kwa ngumi.

Huu si mchezo wa makumbusho. Kuna madarasa ya kutunga beti kwa watoto, na kila baada ya miaka minne hufanyika shindano kuu. Fainali ya mwisho ilifanyika Pamplona, ambayo Wabaski huiita Iruñea, Desemba 2022, ukumbi wa michezo ukijaa maelfu ya watu waliokaa kutwa nzima kusikiliza mashairi. Mshindi alikuwa Maialen Lujanbio, ambaye 2009 alikuwa mwanamke wa kwanza kuvishwa kofia ya ubingwa. Nadhani hapa Kibaski kimepata jambo ambalo wizara haiwezi kulitoa. Watu sitini hawakuwa wakiitetea lugha usiku wa leo. Walikuwa wakiitumia kwa sababu hakuna lugha nyingine ambamo mchezo huu unachezeka.

Jumamosi, 13 Julai. Oñati

Mapumziko. Kwenye baa wazee wawili wanasemeshana kwa *hika*, namna ya wandani ambayo kitenzi hubeba hata jinsia ya anayeambiwa. *Jan dut* ni nimekula, kwa mtu yeyote. *Jan diat* ni nimekula, ewe mwanamume. *Jan dinat*, ewe mwanamke, ingawa huyo anayeambiwa hakushiriki kula. Namna ya kiume imedumu kuliko ya kike, na sasa kuna wasichana wanaojifunza ya kike upya kutoka kwa bibi zao.

Jumapili, 14 Julai. Oñati

Saa tatu usiku, fainali ya Kombe la Ulaya kule Berlin, Hispania na Uingereza. Oñati ni mji wa wazalendo wa Kibaski, na baa mbili kati ya nne nilizopita zilikuwa zimezima televisheni kwa makusudi. Niliyoingia mimi iliiwasha, lakini bila jezi wala bendera. Dakika ya 47 Nico Williams wa Athletic, mzaliwa wa Pamplona na mtoto wa wazazi wa Kighana waliovuka Sahara kuja Ulaya, akafunga. Mshangao wa furaha ulisikika, kisha ukajikunyata. Uingereza wakasawazisha, na dakika ya 86 Mikel Oyarzabal wa Real Sociedad, kijana wa Eibar, akafunga la ushindi. Golini alikuwa Unai Simón, naye wa Athletic. Kijana aliyekaa karibu nami alisema, kwa Kibaski, kwamba Wabaski wameshinda kombe na Hispania ndiyo itakayolipokea. Mwenzake akamwambia anyamaze alipe bia. Timu ya Wabaski yenyewe ipo, ila haitambuliwi na FIFA na hucheza mechi za kirafiki tu.

Jumanne, 16 Julai. Hendaia na Baiona

Kutoka Donostia tulipanda treni ndogo waiitayo *Topo*, fuko, kwa jinsi inavyopenda mahandaki, tukavuka mto Bidasoa na kuingia Ufaransa. Vibao vya barabarani bado vina Kibaski, ila hadhi imebadilika kabisa. Katiba ya Ufaransa inataja lugha moja tu ya Jamhuri, na Mei 2021 Baraza la Katiba lilitamka kwamba shule za umma haziwezi kufundisha kwa kuzamisha watoto katika lugha ya kieneo. Shule za *ikastola*, yaani zinazofundisha kwa Kibaski, za upande huu, zilizo chini ya shirikisho la Seaska lililoanzishwa 1969, zinaendeshwa na wazazi, na kila mwaka kuna mvutano na serikali juu ya lugha ya mitihani. Huko Baiona nilisikia ile *h* ikitamkwa kwa mara ya kwanza, na mtu wa umri wangu. Tukio dogo, lakini baada ya Arantzazu lilinifanya nisimame mlangoni mwa Makumbusho ya Wabaski nikimsikiliza mwuza tiketi kuliko ilivyo adabu.

Alhamisi, 18 Julai. Bilbao

Mtihani wa mdomo. Kila mmoja alipewa dakika kumi kueleza jambo la kwao kwa Kibaski, kisha maswali. Nilieleza ngeli za Kiswahili, mti na miti, kiti na viti, na jinsi kivumishi na kitenzi hulazimika kuzifuata. Mtahini wa kwanza, ambaye lugha yake haina hata jinsia ya kisarufi nje ya *hika*, aliuliza mtoto huwezaje kuyakumbuka hayo yote. Wa pili akamjibu kwa niaba yangu: kama wetu wanavyokumbuka *dizkiot*. Mpolandi alipita bila kutazama kiganja.

Nimefaulu, na fomu ya daraja la tatu nimekwisha kuijaza. Masomo yataanza Septemba kwa njia ya mtandao, mara mbili kwa juma saa mbili usiku za Dar es Salaam. Sura ya kwanza ya kitabu ni wakati uliopita wa visaidizi vyenye washiriki watatu: *eman nion*, nilimpa, *eman zidan*, alinipa, na jedwali lililobaki linajaza kurasa mbili.